VF, Imeoshwa

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema mwanzoni ili msomaji asije akanilaumu mbele ya safari kwamba nilimficha. Nilifundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka mingi, na kazi hiyo inamharibu mtu. Unaletewa madaftari arobaini yenye jibu moja la kukosea, unaanza kutafuta nani kamwangalizia nani. Nilipostaafu na kurudi shambani kwangu Bashay sikuwa tena na madaftari ya kusahihisha, basi nikaanza kusahihisha watu.

Binti yangu anafanya kazi mbali. Alininunulia simu kubwa ili tuonane sura tukizungumza, na tulizungumza kila Jumapili jioni. Siku sita zilizobaki simu ilikuwa haina kazi, na katika kupekuapekua nikaangukia kundi la wakusanyaji wa sarafu za zamani. Nilikuwa nazo chache tangu ujana: senti kumi zenye tundu katikati, shilingi za mfalme wa Kiingereza, na zile za mwanzo baada ya uhuru. Niliomba kuingia, wakanikubali bila hata kuniuliza mimi ni nani. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi.

Ujumbe wa kwanza nilioukuta niliunakili kwenye daftari kama ulivyo: "FS: EA 10c, VF, sura safi, mgongo kipara. Bei chumbani." Nikausoma mara tatu. Mtu anayeuza maharage pale mnadani Dongobesh anasema ni maharage, na bei anaitaja kwa sauti ili hata asiyenunua asikie. Hawa walikuwa wanauza nini hata wajifiche nyuma ya herufi?

Nikaanza kuwachunguza. Nilichora mistari kwenye daftari, kushoto herufi, kulia maana, na kila jioni nikaongeza mbili tatu. FS ni mali inayouzwa. EA ni Afrika Mashariki ya Mwingereza, na 10c ni senti kumi. WTB ni mtu anayetafuta kununua. NFS ni ya kuringishia tu, haiuzwi. VF ni sarafu iliyotumika lakini maandishi yake bado yanasomeka, XF iko juu yake, na UNC haijawahi kugusa mfuko wa mtu. Sura ni upande wenye kichwa, mgongo ni upande wa pili, na kipara ni sarafu iliyolika mpaka mfalme hana pua. Chumbani ni kuzungumza wawili pembeni, kundi lisione. Wale waliozifungia sarafu zao kwenye vikasha vya plastiki walisema wameziweka jenezani. Na tusi kubwa kuliko yote lilikuwa neno la kawaida kabisa: imeoshwa. Sarafu ikishasuguliwa ing'ae, kwao imekufa, hata iwe ya zamani vipi.

Kulikuwa na mmoja aliyekuwa akiandika GLWS chini ya kila tangazo. Wiki nzima niliamini ni ishara ya siri kwamba bei imeshapangwa na wanunuzi. Nilimwandikia chumbani kumuuliza kwa ukali. Kumbe alikuwa anawatakia wauzaji heri ya biashara. Aliniita mzee, akanitakia heri na mimi.

Sasa nije kwa mama. Aliishi Masieda, kwenye mji wetu wa zamani, na alikuwa na rupia moja ya Mjerumani. Upande wa sura kuna mfalme wao amevaa kofia ya chuma yenye ndege juu, na mgongoni kuna simba amesimama mbele ya mtende. Babu yake alilipwa rupia hiyo kwa kubeba mizigo, akaishiwa nguvu za miguu kabla hajaitumia. Ikashuka kwa mabinti mpaka ikamfikia mama, naye aliiweka kwenye kopo la majani ya chai ndani ya sanduku lake la mbao, sanduku likafungwa, ufunguo ukakaa shingoni.

Mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya kabla ya Krismasi na ile ya kabla ya Pasaka, mama alitoa nje kila kitu cha chuma kilichokuwa ndani ya nyumba. Sufuria, vijiko, bakuli, kifuniko cha birika, vyote vilipangwa juu ya jiwe. Alichukua gunzi la mahindi, akalichovya kwenye maji na kwenye jivu, akasugua kwa kuzungusha, polepole, mpaka unaona jua ndani ya sufuria. Mwisho kabisa aliitoa rupia, nayo akaipitishia gunzi lilelile, akaisuuza, akaifuta kwa kanga. Nikiwa mtoto nisingeweza kufikiri kitu cha thamani kinaweza kukaa kichafu siku ya Bwana.

Nilipoingia kwenye kundi nikaiona rupia hiyo kwa macho mapya. Nilikwenda Masieda nikaipiga picha juu ya meza, nikaiweka kundini. Majibu yalikuja haraka. "Ingekuwa XF." "Imeoshwa." "Imeoshwa hadi basi." Mmoja alieleza kwamba mistari midogo ya mviringo usoni mwa sarafu haitoki tena, ni kovu la milele. Nilirudi kwa mama nikamwomba aache kuisugua. Nilimweleza kwa upole, kama mwalimu, kwamba anaiharibu. Mama alinitazama, akasema rupia ni yake na jivu ni lake. Krismasi ilipofika akaisugua tena.

Kisha akaugua. Dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka saba, ameolewa Dirma. Alikuja akakaa na mama miezi miwili ya mwisho, akimlisha na kumgeuza kitandani, na mama alipofariki yeye ndiye aliyemwosha na kumvika, pamoja na mwanamke mmoja wa jirani. Ufunguo wa sanduku alikuwa nao yeye. Tulipomaliza mazishi tulilifungua sanduku mbele ya ndugu. Nguo zilikuwepo, kitabu cha nyimbo kilikuwepo, cheti cha ubatizo kilikuwepo. Kopo la majani ya chai lilikuwa tupu.

Hakuna aliyeuliza. Ndugu wengine hawakujali, au walidhani mama alishaitoa zamani. Mimi nilimtazama dada, nikaona ameinamisha macho. Siku ile sikusema kitu, kwa kuwa kuna mambo hayasemwi matangani. Niliondoka nalo moyoni, nikakaa nalo masika mawili. Dada akipiga simu nilijibu kwa ufupi. Akinitumia salamu kwa mtu, nilimchunguza yule mtu kwanza. Nilimpenda dada yangu, alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, na niliamini kwa moyo wote kwamba ameniibia.

Ndipo asubuhi moja likatokea tangazo hili kundini: "UP. FS: DOA rupia 1, VF, imeoshwa. Asili familia, Hanang. Chumbani." DOA nilikuwa nayo daftarini. Ndivyo Mjerumani alivyoifupisha nchi yetu. UP sikuwa nayo, nikaiacha. Nilichokiona mimi ni Hanang, wilaya aliyoolewa dada, na chini yake picha.

Niliikuza picha mpaka simba akajaa kwenye kioo. Usoni mwa mfalme, kwenye shavu na kwenye ile kofia, kulikuwa na mistari midogo ya mviringo, inazunguka, inazunguka, kama mtu amepitisha gunzi. Niliifungua picha yangu ya zamani kuilinganisha, lakini nilikuwa nimeipiga nikielekea dirishani na mwaka haukusomeka. Haikunizuia. Mkono ule niliufahamu. Mkono wa mama ulikuwa kwenye sarafu ile.

Muuzaji hakuwa na jina, alikuwa na herufi tatu tu na picha ya gunia la mchele. Nilimfuata chumbani.

"Asili ni nani?" nikaandika.

"Fam. Hanang."

"Familia gani?"

"Hiyo NFS, mzee."

Nilikasirika. Nikamwambia apige picha ya sarafu pamoja na karatasi yenye tarehe ya leo, maana ndivyo wanavyopimana wao kwa wao. Picha ilifika baada ya dakika kumi. Mtu mwingine angeridhika. Mimi nikajiuliza kwa nini ameharakisha hivyo. Mdogo wake shemeji yangu ana biashara ya nafaka Katesh, na kichwani mwangu gunia la mchele likakaa sawasawa mahali pake. Dada kaitoa, mdogo wa mumewe anaiuza, na wanajificha kwenye herufi wakidhani mzee wa Bashay hajui kusoma.

Kesho yake nilipanda gari mpaka Katesh na pikipiki mpaka Dirma. Nilifika saa sita mchana. Walikuwa wanapura maharage uani, shemeji na kaka yake mkubwa na vibarua wawili, na dada alikuwa anapepeta. Nilimwamkia dada, nikamwamkia shemeji na kaka yake, wakaitikia, kiti kikatoka, maziwa yakaja. Nilipaswa kunywa, kuuliza habari za mvua, na kumvuta dada pembeni. Nilikuwa nimekaa na jambo hili masika mawili na sikuweza kukaa nalo hata kikombe kimoja zaidi.

"Rupia ya mama inauzwa kwenye simu," nikasema. "Nimeiona kwa macho yangu. Nataka kujua nani aliitoa kwenye sanduku."

Vibarua waliacha kupura. Shemeji alimtazama mkewe. Dada aliuweka ungo chini, akapangusa mikono.

"Mimi sina rupia ya mama," alisema.

"Sijauliza kama unayo. Nimeuliza nani aliitoa."

Aliinama akaokota ungo. Kaka mkubwa wa shemeji ni mtu wa haki na wa kanisani, na maneno yake ni machache. Familia zao tatu huhifadhi mahindi kwenye ghala moja, na tangu alipofiwa na mkewe funguo za ghala hilo zilikuwa mikononi mwa dada yangu. Alisimama akaingia ndani, akatoka na Biblia, akaiweka kwenye kigoda mbele ya dada.

"Shemeji, jambo ni dogo," alisema. "Sema tu hukuitoa, tuendelee na kazi."

Dada aliiangalia Biblia ile. Namfahamu dada yangu, angeweza kusema chochote kumaliza maneno, lakini si mbele ya kitabu. "Sina," alisema tena. "Sijaiuza wala sijampa mtu. Hayo naapa. Hilo lingine msiniulize."

Niliwaza: amechagua maneno. Kaachia baadhi, kaficha mengine, kama wale wa kundini. Nikahisi ushindi, na leo ninapoandika naona aibu kulitaja neno hilo. Kaka mkubwa aliiondoa Biblia kwenye kigoda. Kisha akanyoosha mkono, na dada akazifungua funguo za ghala kutoka kwenye pindo la kanga yake, akampa. Hakuna aliyepaza sauti. Kaka mkubwa akaniambia nimtafute huyo muuzaji, nije na jina la aliyempa.

Nililala Katesh kwa mtu niliyefundisha naye. Asubuhi nikamwandikia muuzaji kwamba mimi ni mwalimu mstaafu, nanunua, anielekeze alipo. Alinielekeza kwenye duka la vyombo nyuma ya stendi. Nilijiandaa kukutana na mdogo wa shemeji, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia. Nyuma ya kaunta nilimkuta mama wa makamo aliyejifunga mtandio, mbele yake amepanga mabakuli na chupa za chai.

"Wewe ndiye mwalimu wa maswali?" aliuliza. "Karibu. Nilidhani ni askari."

Alinipa stuli, akatoa bahasha, na rupia ikaanguka kiganjani mwangu. Niliigeuza upande wa mgongo, nikaigeuza upande wa sura. Mistari ya mviringo ilikuwepo. Nikamwambia nina haki ya kujua imetoka wapi, kwa sababu ni ya marehemu mama yangu, nami naufahamu mkono wake, alisugua kwa jivu na gunzi, na hakuna mwingine duniani aliyesugua rupia hivyo.

Yule mama alinitazama kama anayesubiri nicheke. Alipoona sicheki aliinama chini ya kaunta akatoa kopo la biskuti, akalimimina juu ya sinia. Rupia tisa au kumi, nusu rupia kadhaa, na senti za tundu. Alizigeuza moja moja kwa kidole. Zote zilikuwa na mistari. Zote zilizunguka.

"Hii ya Masqaroda," alisema. "Hizi mbili nilipewa na bibi mmoja wa Haydom. Hii ya Endasak. Mwalimu, kuna mwanamke wa huku asiyesugua kwa jivu? Huko kundini wananicheka kila siku, sarafu za mama fulani zote zimeoshwa. Sasa nitafanyaje, nimezikuta hivyo."

Nikasema labda hii ni tofauti. Hakubishana nami. Alichukua simu akalisogeza tangazo lake juu mpaka mwanzo, akaniwekea machoni. Lilikuwa limewekwa mara ya kwanza mama yangu akiwa bado hai, bado anasugua. Limekosa mnunuzi, na kila baada ya miezi kadhaa analipandisha tena. Ndiyo hiyo UP.

Nilikaa kwenye ile stuli. Miaka sitini na zaidi nimekula kwenye vyombo vilivyosuguliwa kwa jivu, kwa mama, kwa mke wangu, kwa majirani, kwenye kila harusi na kila msiba, na sijawahi hata mara moja kushika gunzi wala kutazama chini ya sufuria ya mtu. Ningemuuliza mwanamke yeyote wa Bashay angenijibu huku anaendelea na kazi zake. Sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimeshapata jibu.

Sikwenda moja kwa moja kwa kaka mkubwa. Nilimtafuta dada, nikamkuta shambani peke yake anang'oa maharage yaliyobaki. Nilimwambia yote, la kopo la biskuti na la tangazo la zamani. Nilimwambia nimemkosea. Aliendelea kung'oa. Alipofika mwisho wa mstari alinyoosha mgongo, akatazama kama kuna mtu njiani.

"Mimi niliitoa," alisema. "Mama aliniagiza. Niliishona kwenye pindo la shimizi nililomzika nalo. Iko naye."

Nikamuuliza kwa nini hakusema jana, mbele ya shemeji zake, neno moja tu na angebaki na funguo zake.

"Na wale vibarua wasikie?" alisema. "We mwalimu, umesahau tunaishi wapi?"

Nilikuwa nimesahau kweli. Kwetu kuna watu wanaotembea na mashine za kupimia chuma ardhini, wakitafuta mali ambazo eti Mjerumani alizifukia alipokimbia. Wanachimba chini ya miti, wanachimba kwenye misingi ya nyumba za zamani, na wakisikia neno rupia hawalali. Maneno yale yakitoka uani kwa shemeji jioni, kesho yangefika Katesh, na wiki isingekwisha kabla mtu hajashika jembe Masieda. Dada aliliona hilo kwa muda wa kupangusa mikono, akachagua kuonekana mwizi. Ndiyo maana katika maandishi haya sikuandika jina la mtu yeyote, na sarafu sikuieleza ilivyo, na kaburi haliko pale niliposema.

"Kwa nini mama alitaka kuzikwa nayo?" nikamuuliza.

"Tumalize hili kwanza," alisema.

Kulimaliza nilijua namna moja tu. Nilirudi Katesh nikainunua ile rupia, kwa bei yake, bila kuzungumza. Yule mama alinifungia kwenye karatasi. Kesho yake nilisimama tena uani Dirma, mimi niliyemtilia shaka hadi anayewatakia watu heri, nikiwa na sarafu ya uongo mfukoni na uongo wenyewe nimeukariri njiani.

Niliwaambia nimeipata nyumbani kwangu. Kwamba mama alinipa mwenyewe nilipokwenda kumwona, nikaitia kwenye mfuko wa koti la kanisani, nikasahau, maana uzee umenikaba. Kwamba yule wa simuni alikuwa na nyingine tu. Nilimwomba radhi dada mbele yao wote, na vibarua nikaomba waitwe wasikie.

Kaka mkubwa aliipokea. Aliitazama sura, akautazama mgongo, akanitazama mimi. Sidhani aliniamini sana. Mtu mwenye macho kama yake angeuliza kwa nini basi dada hakutaka kuapa kwamba hakuitoa. Lakini hakuuliza. Alimpa dada ile sarafu.

"Ndiyo hii ya mama yako?"

Dada aliipokea kwa mikono miwili. Alipitisha dole gumba juu ya uso wa mfalme, pale penye ile mistari, kwa kuzungusha, taratibu. Yeye asiyeweza kusema uongo mbele ya kitabu aliinua macho akamtazama kaka mkubwa.

"Ndiyo hii," alisema.

Kaka mkubwa alitia mkono mfukoni akatoa funguo, akampa, akasema maneno machache ya kuomba samahani ambayo yalimpa tabu kuyatoa. Nilikaa wakaleta chakula, nikala. Nilipoaga, dada akanisindikiza mpaka barabarani, kama tunavyofanya. Alinirudishia ile rupia. Nikasema abaki nayo, akakataa kwa kichwa tu, akanitilia mfukoni.

Pikipiki ilipoonekana kwa mbali nikamuuliza tena, kwa nini mama alitaka kuzikwa na hela ya babu yake.

"Usikasirike," alisema.

"Sikasiriki."

"Mwaka ule wa mwisho ulikuwa ukifika mlangoni unauliza, mama, ile rupia hujaisugua tena? Halafu ndiyo unamwamkia. Kila ukija. Alikuwa anangoja aone kama siku moja utaanza na shikamoo." Aliangalia barabarani, hakuniangalia mimi. "Akaniambia, niende nayo. Nikienda nayo, huyu akija kaburini atakuwa amekuja kwangu. Ndiyo maana sikukuambia, mdogo wangu. Nilitaka usijue iko wapi."

Pikipiki ilisimama. Dada alimwambia dereva anipeleke taratibu, njia ina mawe.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kung'oa majani kaburini kwa mama. Nilivua kofia nikasema shikamoo mama, kwa sauti, kabla ya kitu kingine chochote. Kisha nikapiga magoti nikaanza kung'oa, kuanzia miguuni kwake kwenda juu, na nilipofika usawa wa pindo la shimizi mkono wangu ulisimama wenyewe. Nimekwenda mara nyingi tangu siku ile, na kila mara husimama palepale.